Lugha Mbili katika Milima ya Upare

Mtu atokaye Ngujini, katika Wilaya ya Mwanga, akifika mjini huitwa Mpare, na lugha yake Kipare. Ndivyo aitwavyo pia mtu wa Same, na hata wa Ugweno. Jina hilo moja limewafanya wengi wadhani kwamba milima yote ile ina lugha moja yenye lafudhi mbalimbali. Sivyo. Wenyeji hutofautisha Chasu, lugha ya Vaasu, na Kigweno cha kaskazini kabisa ya Upare. Na wataalamu wamewaunga mkono.

Malcolm Guthrie, Mwingereza aliyezigawa lugha za Kibantu katika kanda zenye herufi, alikipa Chasu alama G22, kando ya Kishambaa, G23. Kigweno alikiweka katika kanda nyingine, E65, pamoja na lugha za Wachaga. Lakini kanda zake zilifuata mno ramani, na ujirani si udugu. Ushahidi wenye uzito zaidi uliletwa na Derek Nurse mwaka 1979, kisha mwaka 1993 yeye na Thomas Hinnebusch. Kwao, Chasu na Kitaveta cha Kenya ni tawi moja la lugha za pwani ya kaskazini-mashariki, pamoja na Kizigua, Kizaramo na Kiswahili chenyewe. Kigweno kimebaki upande wa Kilimanjaro. Basi Chasu ni jamaa wa karibu zaidi wa Kiswahili kuliko wa Kigweno!

Mwanafunzi atauliza: mbona Mgweno na Mwasu wana maneno mengi ya namna moja? Kwa sababu wameoana na kuuziana vitu kwa karne nyingi, na maneno huazimwa. Ndiyo maana mtaalamu hahesabu tu maneno yanayofanana, bali hutafuta sauti zinazolingana kwa kanuni, neno baada ya neno: penye *wa-* ya Kiswahili, Chasu kina *va-*. Hesabu ya maneno pekee ingetupoteza kabisa kwa Wambugu wa Usambara, ambao sarufi yao ni jamaa ya Chasu, hali msamiati wao wa ndani umejaa maneno ya Kikushi.

Leo vijana wengi wa Ugweno hukua wakisema Chasu na Kiswahili, na Kigweno kimebaki zaidi vinywani mwa wazee. Atakayekwenda kuwasikiliza na aanze na viungo vya mwili, hesabu na maji, maneno yasiyoazimwa upesi.