Mgomo wa Mombasa wa 1947 na Mas-ala ya Kumlazimisha Mfanyakazi

Wanachuoni waliijadili mas-ala hii kabla ya kuwepo vyama vya wafanyakazi: je, mtawala anaweza kumlazimisha fundi au mchukuzi kufanya kazi ilhali ameigomea na watu wanaihitaji? Katika madhehebu ya Shafi'i, tunayoyafuata wengi wetu huku pwani, Imamu Nawawi amezihesabu katika Minhaj kazi ambazo maisha hayatimii bila ya hizo kuwa ni faradhi ya kutosheleza. Lakini kauli sahihi ya madhehebu hayo hayo ni kuwa mtawala kuwapangia watu bei ni haramu, kwa hadithi ya Anas (r.a.), ambamo Mtume (s.a.w.) aliombwa apange bei akakataa.

Sheikhul Islam Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria (1328), amepambanua katika kitabu chake cha Hisba. Watu wakihitajia kazi ya wakulima, wafumaji au wajenzi, mtawala ana haki ya kuwalazimisha, ila kwa ujira wa mfano. Mfanyakazi haachiwi kudai zaidi ya hapo, wala anayefanyiwa kazi haachiwi kumpunja. Sharti hili lina pande mbili, na watawala aghlabu huushika ule wa kwanza tu.

Natuutazame mgomo wa Mombasa. Jumatatu ya tarehe 13 Januari 1947 waligoma watu wapatao 15,000: makuli wa Kilindini, watu wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa majumbani. Kilindini ndiyo iliyokuwa njia kuu ya shehena za Kenya na Uganda. Vita vilikuwa vimepandisha bei za vyakula na kodi za vyumba, mishahara ikabaki nyuma. Na makuli wengi walikuwa vibarua wa kutwa. Siku isiyo na meli haikuwa na posho. Wagomaji walikutana katika kiwanja cha mpira, wakakiita Kiwanja cha Maskini. Chama chao kikawa African Workers Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake.

Serikali ya kikoloni ilitaka watu warudi kazini kwanza. Haikufaulu kwa siku 12, mpaka Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alipowashawishi warudi kwa ahadi kuwa malalamiko yao yatasikilizwa. Iliundwa mahakama ya usuluhishi chini ya Jaji Thacker, nayo ikaongeza mishahara na posho ya nyumba.

Tunasema: nyongeza hiyo, kwa jicho la fiqhi, ni sawa na kukiri. Mahakama iliyoundwa na serikali yenyewe iliona kuwa waliokuwa wakilipwa hawakulipwa haki yao. Basi kabla ya hapo sharti la Ibn Taymiyya halikuwa limetimia, na amri ya kurudi kazini haikuwa na msingi, hata kama bandari ilisimama na raia wakadhurika. Dhara yao haikuondoka kwa kumdhuru kuli.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Kibachia alikamatwa, akahamishiwa Kabarnet, Baringo, mbali na bahari.