Nachingwea Haimo Kwenye Tufe

Ukimwambia muuza duka wa Ruangwa unataka globu, atakuuliza ya wati ngapi. Kwetu globu ni taa. Ile dunia ya kuzungusha tuliiita tufe, na wengi wetu tuliiona kwenye picha ya kitabu cha Jiografia kabla ya kuigusa.

Mimi la kulishika kwa nafasi nililikuta katika ofisi moja mjini Ruangwa, juu ya kabati la mafaili, limesimama kwenye mguu wa mbao. Nikamuuliza mzee mwenye ofisi analitumiaje. “Hilo pambo tu, mwanangu,” akasema. “Kazi yake kukaa.”

Hapo naomba nimbishie mzee wangu kidogo. Tufe halijawahi kukaa tu. La kale zaidi kati ya yaliyobaki, la Martin Behaim wa Nuremberg, ni la 1492. Bara la Amerika halimo, maana Columbus alikuwa hajarudi na habari. Karne ya 17 Vincenzo Coronelli alimtengenezea Louis XIV wa Ufaransa mawili, kila moja lenye kipenyo cha karibu mita 4. Krismasi ya 1942 jeshi la Marekani liliwapa Roosevelt na Churchill matufe pacha ya inchi 50. Mapambo, ndiyo. Ila ni mapambo yanayomwambia mgeni kwamba mwenye meza hii anaiona dunia nzima.

Tatizo ni kwamba ukiitazama dunia kutoka juu namna hiyo, shamba la mtu hulioni. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulikuja Tanganyika, ukakaa wiki chache, ukakagua sehemu kubwa ya ardhi kwa ndege, kisha ukarudi London na jibu: karanga zitakubali. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Nachingwea ikachaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Ikajengwa reli, ikajengwa bandari ya Mtwara. Karanga hazikukubali. Mpango ukavunjwa 1951 ukiwa umemeza mamilioni ya pauni, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa.

Sasa turudi kwenye tufe la mzee. Nililizungusha hadi Afrika nikaanza kusoma. Kongo imeandikwa Zaire, jina lililoanza Oktoba 1971. Chini ya mto Ruvuma, Msumbiji bado ina rangi moja na Ureno, kwa hiyo ni kabla ya tarehe 25 Juni 1975. Yaani bila hata kutafuta mhuri wa kiwanda, unajua limechapwa ndani ya miaka isiyotimia minne.

Na miaka hiyohiyo, mwendo mfupi wa gari kutoka kabati lile, Frelimo walikuwa Nachingwea, kwenye kambi ya Farm 17, wakifundisha wapiganaji chini ya Samora Machel. Nachingwea haimo kwenye tufe. Hata nukta hawakuipa. Lakini waliokuwa mahali pasipo na nukta ndio walioifuta ile rangi ya Ureno. Mwaka 1975 Samora alisafiri kutoka Rovuma hadi Maputo, na matufe yote ya dunia yakapitwa na wakati.

Nikamwonyesha mzee. Akavaa miwani, akapitisha kidole taratibu kusini mwa Tanzania, akaitafuta Nachingwea, kisha Ruangwa.

“Kumbe limepitwa hivi,” akasema. “Basi ninunue jipya.”

Mapya yapo, na ni mazuri kwa macho: bahari nyeusi, mabara ya rangi ya dhahabu, mengine hayana hata jina la nchi. Yanapendeza sebuleni. Lakini miaka 50 ijayo mjukuu wake ataligeuza hilo jipya asome nini?

Nikamwomba asilitupe la zamani. Hakunijibu. Alilifuta vumbi kwa kiganja, akalirudisha juu ya kabati, upande wa Msumbiji ukitazama mlango.