UZI: "Sisi tulisoma bure" – nusu ya ukweli tunayouziwa kila msimu wa siasa

1/ Siasa zikipamba moto, lazima mtu ashike kipaza sauti aseme, "Sisi tulisoma bure." Mwingine anamjibu, "Vijana wa siku hizi wanachukua mkopo na hawalipi." Tunapigia wote wawili makofi. Mimi nasomea sayansi ya siasa, nina deni la masomo, na makofi yamenichosha. Leo tupitie historia yenyewe. Sitaji mtu wala chama.

2/ Kwanza, mkopo wa masomo ni mzee kuliko Kenya huru. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa kuwakopesha Wakenya waliokuwa wanaenda kusoma nje ya Afrika Mashariki, kama Uingereza, Marekani na India. Uhuru ulipokuja, mfuko huo ukasitishwa.

3/ Baada ya 1963 nchi ilikuwa na njaa ya wataalamu. Viti vya wakoloni vilikuwa wazi ofisini. Serikali ikagharamia masomo ya chuo, na mhitimu akatarajiwa kwenda kuitumikia. Kwa hivyo hiyo "bure" ilikuwa na masharti: nikusomeshe, unifanyie kazi. Na kazi ilikuwepo kweli! Tena waliofika chuo walikuwa wachache sana. Hadi 1970 tulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja kwa nchi tatu, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam.

4/ Idadi ilipopanda, hesabu zikaanza kugoma. Mwaka 1974 serikali ikaanzisha mpango wa mikopo ya wanafunzi wa chuo kikuu chini ya Wizara ya Elimu. Karo iliendelea kulipwa na serikali, lakini pesa za matumizi na malazi zikawa mkopo. Hapa ndipo hadithi za "boom" zinatoka. Mjomba wangu mpaka leo akisimulia boom lake anang'aa uso: viatu vipya, nyama choma, na kitu kidogo cha kutuma nyumbani. Nikamuuliza, "Mjomba, si hilo lilikuwa deni?" Akacheka tu.

5/ Kicheko chake kinaeleza mengi. Mpango wa 1974 haukuwa na sheria ya kuusaidia kudai, wala mfumo wa kufuatilia nani yuko wapi. Wengi waliona ile pesa ni zawadi ya serikali. Hivyo kutolipa mkopo hakukuletwa na kizazi chetu. Tumekuta kumeota mizizi.

6/ Kisha ikaja miaka ya 80 mwishoni. Uchumi uko taabani, Benki ya Dunia na IMF wanasukuma serikali ipunguze matumizi. Mwaka 1989 watahiniwa wa mwisho wa kidato cha sita na wa kwanza wa 8-4-4 wote wakafanya mtihani, na 1990 vyuo vikapokea makundi mawili kwa mpigo. Mwaka 1991 ukaletwa ugavi wa gharama: mwanafunzi naye achangie karo, chakula ajinunulie. Makomredi waliandamana, vyuo vikafungwa, lakini sera ikabaki.

7/ Mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria iliyounda bodi ya mikopo, HELB, tunayoijua leo. Kazi yake ni kukopesha na pia kudai, hata madeni ya tangu 1952! Riba kwa wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Ukimaliza masomo unapewa mwaka mmoja, kisha unaanza kulipa. Usipolipa, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi.

8/ Wazo ni zuri: mfuko unaozunguka. Dada analipa, mdogo wake anakopeshwa. Ila gurudumu hili linasukumwa na mshahara. Mhitimu wa 1974 alikuta kazi inamngoja. Wa leo anatembea na bahasha miaka mitatu huku faini inapanda. Kuna wanaokwepa wakiwa na uwezo, ndiyo, na hao walipe. Lakini kuwaweka kapu moja na asiye na kazi ni kukwepa swali.

9/ Mei 2023 ukatangazwa mfumo mpya. Pesa zisiende kwa chuo kwa jumla, zimfuate mwanafunzi: sehemu ufadhili, sehemu mkopo, sehemu familia. Mwaka 2024 zikaja bendi tano, familia ikichangia kuanzia asilimia 5 hadi 40 kulingana na hali yake. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo unakiuka katiba. Mapema 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo. Sisi wa KCSE 2022 ndio kundi la kwanza kupita humo.

10/ Sasa niseme langu. Mwaka wa pili nilidhani pesa zitaingia zenyewe kama mwaka wa kwanza. Hazikuingia. Kumbe kila mwaka unaomba upya, na mimi sikusoma maelezo. Kosa langu kabisa. Mama, anayeuza mitumba, aliuza cherehani yake ili nisajiliwe. Ninayewafunza watu sera sikujua sera inayonilisha. Tafadhali, kama una mdogo wako chuoni, mkumbushe leo: omba upya kila mwaka, tunza nakala za stakabadhi, na usingoje siku ya mwisho.

11/ Na wanaotaka shahada ya uzamili kama mimi? Mfumo wa bendi ulitengenezwa kwa wa shahada ya kwanza. Uzamili una mlango wake wa kuomba mikopo na ufadhili, na mlango ni mwembamba. Mtu anaanza uzamili akiwa bado na deni la kwanza mgongoni. Jukwaani hilo husikii, kwa sababu kura zetu ni chache.

12/ Kwa hivyo mtu akikuambia "tulisoma bure", muulize kwa heshima: mwaka gani? Mlikuwa wangapi? Ulisaini fomu? Ulilipa? Na akiahidi kuirudisha hiyo bure, muulize pesa zitatoka wapi na ajira ziko wapi.

13/ Mdogo wangu anafanya KCSE mwaka huu. Cherehani bado haijarudi. Nitalipa deni langu, naapa, nikipata kazi. Hilo "nikipata" ndilo nataka tujadili. Karibuni, na tusitukanane.