Gitaa Bila Kichwa

Siku niliyobeba gitaa la umeme lisilo na kichwa hapa Nakuru, jamaa mmoja aliuliza, "Hii imekatwa ama?" Ni jepesi ajabu, ukivaa mkanda unasahau umelibeba. Nyuzi zinakazwa huku chini, mkiani. Ned Steinberger, Mmarekani aliyekuwa mbunifu wa samani, ndiye aliyelipa umbo hili umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1980, akianza na besi.

Lakini Bonde la Ufa lilishawahi kukutana na maajabu zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet kurekodi nyimbo za Wakipsigis. Wasichana wakamwimbia "Chemirocha", kinubi cha chepkong kikiwasindikiza. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mpiga gitaa wa Marekani aliyefariki 1933. Sauti yake ilifika kwa santuri, yeye mwenyewe hakuwahi. Wakamfanya nusu mtu, nusu swala.

Wengi huicheka hadithi hiyo. Mimi naiheshimu. Wale wasichana hawakungoja kufundishwa gitaa ni nini: walisikia, wakabatiza, wakatunga kwa ala yao. Sisi tunanunua gitaa jipya, kisha tunapiga nyimbo za waliolitengeneza.