Selimundu: Jeni Iliyonyamazishwa na Wajibu wa Dola

Ninapofundisha historia ya sayansi, huanzia Temeke. Kati ya mwaka 2015 na 2016, watoto wachanga 3,981 walipimwa selimundu katika hospitali za Temeke na Muhimbili. 31 walikutwa nayo. Watoto wa namna hiyo huzaliwa wakionekana wazima. Kwa nini?

Kwa sababu wanatoka tumboni na himoglobini ya kijusi, ambayo huzuia chembe nyekundu kupinda kama mundu. Baada ya miezi michache jeni yake hunyamazishwa. Haifutwi. DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Mwili huzibandika histoni hizo alama za kikemia, zikiwamo za methili, ambazo baadhi huifunga jeni isisomwe. Protini BCL11A ni msimamizi mkuu wa ukimya huo.

Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba anayeirithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Damu aliyoichunguza ilikuwa ya Afrika Mashariki. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba inayopunguza BCL11A ili jeni ile isomwe tena. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2.

Tiba hiyo haitafika Mbagala kesho. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayoongeza himoglobini hiyohiyo, yaweza kufika, mradi mtoto atambuliwe mapema. Basi, ndugu mtumishi wa umma, kipimo cha mtoto mchanga si hisani, ni haki. Jeni imenyamazishwa na maumbile; dola haina udhuru wa kunyamaza.