Kutoka jukwaa la Ngomeni hadi chokaa ya moyoni

Leo tuangalie historia kidogo, na tunaanzia hapa Pwani.

Wenyeji wa Malindi wanakijua kituo cha Waitaliano kule Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco baharini ikiwa na setilaiti ya NASA. Ikapewa jina Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kutafuta eksirei angani. Haikupiga picha kama kamera: ilihesabu miale, na hesabu hizo zikageuzwa kuwa ramani ya anga.

Haikupita hata mwaka, hesabu ya eksirei ikaingia hospitalini kwa njia nyingine. Tarehe 1 Oktoba 1971, jijini London, mashine ya CT ya mhandisi Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI ilipima kichwa cha mgonjwa wa kwanza. Miale ilipitishwa kutoka pembe nyingi, kompyuta ikapiga hesabu na kuchora. Katika vipimo vya leo vyenye jina lake, kila kitone cha picha ni namba: maji 0, hewa -1,000.

Picha ikiwa namba, programu inaweza kuisoma. Mwaka 1990, Arthur Agatston wa Miami na wenzake walichapisha kanuni ya kupima kalsiamu kwenye mishipa ya moyo. Kitone kikifika 130, kinahesabiwa. Eneo linazidishwa kwa 1 hadi 4 kulingana na ung'avu, kisha unajumlisha. Sisi waandishi wa programu tungeimaliza kabla chai haijapoa!

Baadaye kanuni hiyo ikahamishiwa vali ya aota, yaani mlango wa damu itokayo moyoni kwenda mshipa mkuu. Uzeeni mlango huu huota kalsiamu kama chokaa, ukakaza. Hapo ikagundulika kwamba kizingiti kimoja hakitoshi: ugonjwa mkali huashiriwa na takriban 2,000 kwa wanaume, lakini takriban 1,200 kwa wanawake. Kwa kizingiti cha wanaume, bibi mwenye 1,500 angeambiwa hali yake si mbaya sana.

Sasa turudi Kilifi. Vizingiti hivyo vilitokana na wagonjwa wa Ulaya na Amerika Kaskazini, wengi wao wazee. Afrika Mashariki, vali nyingi huharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayoanza na maambukizi ya koo utotoni. Vali hushikana kwa makovu, na inaweza kubana sana huku kalsiamu ikiwa kidogo. Kijana wa hivyo akipimwa kwa namba hii peke yake, jibu linaweza kumdanganya daktari. Ndiyo maana ultrasaundi ya moyo hubaki kipimo cha kwanza, na CT husaidia pale majibu yake yanapogongana.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkikutana na namba iliyoandikwa ndani ya programu, ulizeni kwanza: ilipatikana kwa kupima nani?