Kumwona Akija: Umbo la -ing la Kiingereza na Jina Lake kwa Kiswahili

Miongoni mwa miundo ya Kiingereza inayowasumbua wafasiri wa Kiswahili, ingawa kwa macho huonekana myepesi, ni ule ambamo kitenzi-jina, yaani kitenzi kisichofungwa na nafsi wala njeo, hufuatwa na kiwakilishi, na kiwakilishi hicho kikafuatwa na kitenzi chenye mwishilio -ing, kama inavyoonekana katika "to see him coming", "to hear them singing" na "to stop us leaving". Kiswahili hakina umbo moja linalolingana na -ing katika mifano yote mitatu, kwani miwili ya mwanzo hutoa "kumwona akija" na "kuwasikia wakiimba", ilhali wa tatu hutoa "kutuzuia tusiondoke", ambamo kitenzi cha pili kimepata ukanushi usiokuwamo kabisa katika maneno ya Kiingereza.

Chanzo cha tatizo kimo katika historia ya Kiingereza chenyewe. Katika Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa hadi kiasi cha mwaka 1100, palikuwa na maumbo mawili tofauti: lile la kusifu mtu au kitu kwa tendo alilo nalo, lililoishia kwa -ende, na nomino ya tendo, iliyoishia kwa -ung au -ing. Katika karne zilizofuata maumbo hayo yalisogeleana mpaka yakawa na sura moja ya -ing, lakini kazi zake hazikuunganika, na ndiyo maana wanasarufi wameendelea kuyapa majina mawili, yaani partisipo kwa umbo linalosifu na gerundi kwa umbo linalofanya kazi ya nomino. Mzungumzaji wa Kiingereza husema "coming" bila kulazimika kuamua ni lipi kati ya hayo mawili. Mfasiri wa Kiswahili hana nafasi hiyo.

Waingereza wenyewe walibishana juu ya jambo hili. H. W. Fowler, aliyeandika na nduguye kitabu cha The King's English mwaka 1906, kisha A Dictionary of Modern English Usage kilichotoka mwaka 1926, alilaumu miundo ya aina ya "to hate him smoking", akidai kwamba kiwakilishi na umbo la -ing vimeyeyushwa pamoja hata haijulikani kitenzi kinamwelekea nani, na kwamba ingefaa kusemwa "his smoking". Jina alilolitumia kwa muundo huo linaweza kufasiriwa kuwa partisipo fungamani. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, alimpinga mwaka huohuo kwa kuonyesha kwamba muundo huo una mizizi ya muda mrefu katika lugha, na matumizi ya leo yamempa Jespersen ushindi. Hata hivyo, swali la Fowler lina uzito mkubwa zaidi kwa Mswahili kuliko lilivyokuwa nao kwa Mwingereza, kwa sababu Kiswahili hulijibu kwa kiambishi. Katika "kumwona akija", kiambishi -mw- kinaonyesha kwamba anayeonwa ni mtu, na a- ya "akija" inamrejelea mtu yuleyule. Lakini "kumchukia akivuta sigara" si tafsiri ya "to hate him smoking", kwani -m- imemfanya mtu mwenyewe kuwa ndiye anayechukiwa, tena kila avutapo, ilhali kinachochukiwa ni tendo. Tafsiri sahihi ni "kuchukia anavyovuta sigara" au "kuchukia uvutaji wake", bila kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi cha kwanza. Vivyo hivyo "kumsikia akiimba" humsikiliza mwimbaji, na "kusikia kuimba kwake" husikiliza uimbaji.

Kwa kuwa viambishi vinabeba kazi hiyo yote, kiwakilishi kamili hakihitajiki, na sentensi kama "kuona yeye akija", ambayo huwatoka wafasiri wanaofuata Kiingereza neno kwa neno, si Kiswahili. Kiwakilishi "it" nacho kinadai uangalifu, kwani chombo kinachozama huwa "kukiona kikizama", jahazi "kuliona likizama" na meli "kuiona ikizama".

Palipo na makosa mengi zaidi, hata katika vitabu vilivyohaririwa, ni katika kuchukulia kwamba kila -ing ya aina ya partisipo ni -ki-. Kiambishi -ki- huonyesha tendo linaloendelea sambamba na jingine, lakini vitenzi vya kukaa katika hali fulani huenda njia nyingine: "to find her sleeping" ni "kumkuta amelala", "to see him standing" ni "kumwona amesimama", na "to see them wearing kanzus" ni "kuwaona wamevaa kanzu". Hapa Kiswahili hulitazama tendo kuwa limekwisha na kuacha hali inayoonekana, ndiyo maana -me- hutumika. Anayeandika "kumwona akisimama" ameeleza mtu anayenyanyuka kutoka kwenye kiti, na anayeandika "kumwona akivaa kanzu" ameeleza mtu ambaye bado anaingiza mikono. Tofauti hii ni ya thamani kubwa, na mwandishi anayeipuuza huipoteza picha nzima ya tukio.

Ukanushi pia una mtego wake. Kikanushi cha -ki- ni -sipo-, lakini -sipo- hubeba maana ya sharti peke yake, hivyo "to see him not working" haiwezi kuwa "kumwona asipofanya kazi". Husemwa "kumwona hafanyi kazi". Maana ya sharti na ya usambamba hukutana vizuri katika sentensi "nikimwona akija, nitamwita", ambamo -ki- ya kwanza ni sharti na ya pili ni tendo linaloonwa. Vitenzi vya silabi moja, ambavyo hubaki na ku- katika "anakula" na "amekula", huiacha baada ya -ki-, kwa hiyo ni "kumwona akila".

Baada ya vitenzi vya kuzuia, kukataza na kuepusha, -ing haielezi jambo linaloonekana bali jambo linalotakiwa lisitokee, na Kiswahili hutumia ama "kumzuia asiondoke" ama "kumzuia kuondoka".

Limebaki suala la majina. Jina la kitenzi-jina limekwisha kuzoeleka kwa maumbo ya ku-, ambayo katika Kiswahili hufanya kazi ya "to sing" na ya "singing" kwa pamoja, kama katika "anataka kuimba" na "kuimba kwake kunapendeza". Kulitumia jina hilo tena kwa -ing ya Kiingereza kunamfanya mwanafunzi aamini kwamba kila -ing hufasiriwa kwa ku-, na hapo ndipo "kumwona kuja" huzaliwa. Wala partisipo haifai kuitwa kitenzi kishirikishi, ingawa tafsiri ya neno la Kilatini inaweza kumvuta mtu huko, kwa sababu sarufi ya Kiswahili imekwisha kulitoa jina hilo kwa "ni", "si", "yu" na wenzao. Majina ya kukopa, gerundi na partisipo, yana ugeni masikioni, lakini hayagombani na istilahi yoyote iliyopo. Watunzi wa kamusi za Kiingereza na Kiswahili wanaombwa wayatumie, na chini ya vitenzi kama "see", "find" na "stop" waweke mfano mmoja mmoja wa "akija", "amelala" na "asiondoke".